Sura ya Tisa: Nakala ya Tarehe Kumi

"Usiguse!"

Fundi wa kompyuta aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyeelekezewa bunduki, mausi ikabaki peke yake juu ya meza. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hajui amekosa nini.

"Afande, nilikuwa nasafisha tu."

"Hilo ndilo ninalokukataza."

Inspekta alitua mkoba wake juu ya kabati la mafaili, akavuta pumzi. Alikuwa amepanda ngazi za orofa mbili mbiombio baada ya kuambiwa uani kwamba fundi ameshafika. Ilikuwa saa nne asubuhi na mwanamke huyu alikuwa amekwisha kukasirika mara tatu.

Hii ilikuwa siku ya nne ya upelelezi wake katika chuo hiki cha uuguzi, na siku zote hizo kila mtu alimsaidia kwa kusafisha kitu. Mfagizi alizichoma karatasi zote za kapuni, kwa sababu mgeni anakuja. Mkuu wa chuo aliamuru sefu ya mitihani ifutwe na kupakwa rangi mpya, kisha akamwonyesha inspekta kwa fahari kubwa, alama zote za vidole zikiwa zimezikwa chini ya rangi ya kijivu. Watu wa mahali hapa hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba uchafu ni adui. Hakuna aliyewaambia kwamba mpelelezi anaishi kwa uchafu.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuimeza. Katika wiki tano mitihani mitatu ilikuwa imevuja. Kila mtihani uliandikwa kwa mkono na mwalimu, ukapelekwa kwa bahasha kwa mchapaji, ukachapwa kwenye kompyuta hii hii moja, ukafungiwa kwenye sefu. Na kila mara, kabla ya siku yenyewe, maswali yalikuwa yanatembea mabwenini. Baada ya mtihani wa kwanza fundi aliitwa, akakuta kirusi kinachonakili kila kinachochapwa na kukituma nje kwa intaneti, kwenda kwenye anwani iliyofunguliwa kwa jina la uongo. Akakiondoa. Kikarudi. Akakiondoa tena, kikarudi tena.

Basi chuo kizima kikapata hesabu moja. Kirusi hakirudi chenyewe, kwa hiyo kuna mtu anayekirudisha, na mwenye ufunguo wa chumba hiki ni mmoja tu, mchapaji mwenyewe, ambaye kila mtu alimwita Bi Chapa. Miaka thelathini na mmoja ya kazi, miezi minane kabla ya kustaafu. Siku nne zilizopita alisimamishwa. Leo saa nane mchana kamati ya nidhamu ingekaa, na mkuu wa chuo alikuwa ameshaandika barua ya kumfukuza. Ilibaki tarehe na sahihi tu.

"Niambie," alisema inspekta, akavuta kiti. "Mara mbili umekiua. Kwa nini kinafufuka?"

Fundi alishusha mikono polepole. "Kimejificha kwenye nakala za akiba, afande."

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

"Kompyuta hii, kila baada ya muda, inajiwekea nakala ya hali yake. Ikiharibika kesho, unaiambia irudi kama ilivyokuwa juzi. Sasa, kirusi kikiwa ndani siku inapojinakili, na chenyewe kinanakiliwa. Programu yangu ya kusafisha inakiona kule, lakini haiwezi kukigusa. Kompyuta inalilinda lile eneo, hairuhusu mtu."

"Dawa yake?"

"Unazima kabisa huo utaratibu wa kurejesha. Ukiuzima, nakala zote zinafutika. Unasafisha, unazima kompyuta na kuiwasha, unasafisha tena, ndipo unauwasha upya. Hicho ndicho nilichokuwa nakaribia kukifanya ulipopiga kelele."

"Mara ya kwanza kwa nini hukufanya hivyo?"

"Mkuu alisema haraka."

"Na mara ya pili?"

"Alisema haraka zaidi." Fundi alijikuna shingo. "Halafu, afande, kusema kweli, kile cha kwenye nakala hakidhuru. Kimelala. Ukishaua kinachotembea, kilicholala kinabaki kimelala."

"Siku zote?"

"Siku zote. Labda mtu akiamshe."

Inspekta alimtazama kwa muda mrefu kiasi cha kumfanya fundi aanze kupanga upya kalamu zake.

"Rudia hilo."

"Labda mtu akiamshe. Yaani mtu airudishe kompyuta nyuma, kwenye nakala yenye kirusi. Hapo kinaamka nayo."

"Siku nne!" Inspekta alipiga paja lake. "Siku nne nawauliza watu nani ameingia humu na flashi, nani amechomeka nini. Nimepekua mpaka viatu vya mlinzi. Na wewe unajua kwamba haikuhitajika flashi yoyote?"

"Hukuniuliza, afande."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Inspekta alitoa miwani mkobani, akaivaa, akasogeza kiti mpaka goti lake likagusa meza. Maandishi kwenye skrini yalikuwa makubwa mno, maneno matano tu yamejaza mstari mzima.

"Haya nayo?"

"Hiyo ni dalili ya kirusi," alisema fundi kwa uhakika. "Kila kikirudi, maandishi yanavimba hivi. Kazi yangu ya kwanza nikifika huwa ni kuyapunguza."

"Usiyapunguze. Una diski tupu?"

"Ninayo."

"Nakili kila kilichomo humu, na hizo nakala za akiba, mpaka chembe ya mwisho. Ukimaliza ndipo utasafisha, si kabla. Lakini kwanza nionyeshe orodha ya hizo nakala."

Orodha ilifunguka. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa na sababu. Inspekta aliifuata kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. Tarehe saba ya mwezi uliopita, nakala iliyojitengeneza yenyewe siku printa mpya ilipowekwa. Tarehe kumi, nyingine. Kisha nyingine kadhaa za kawaida, na katikati yake mistari miwili ya namna ya pekee: kompyuta imerejeshwa nyuma. Ya kwanza ilikuwa kesho yake baada ya fundi kusafisha mara ya kwanza, ya pili kesho yake baada ya mara ya pili. Zote mbili asubuhi, saa moja na dakika kumi na kitu. Na zote mbili zilirudi mahali pamoja.

"Tarehe kumi," alisema inspekta. "Mtu huyu anaipenda tarehe kumi. Kirusi kimo kwenye nakala ipi na ipi?"

Fundi aliendesha programu yake, wakangoja. Ilichukua dakika ishirini, na katika dakika hizo alimsimulia inspekta maisha ya virusi vyote alivyowahi kukutana navyo. Matokeo yalipotoka, aliiacha hadithi katikati. Nakala ya tarehe saba ilikuwa safi. Ya tarehe kumi na zote zilizofuata zilikuwa na kirusi.

"Kwa hiyo kiliingia kati ya saba na kumi. Na hii ya tarehe kumi, mbona mstari wake ni tofauti?"

"Hiyo haikujitengeneza. Mtu ameitengeneza kwa mkono. Ukiitengeneza mwenyewe unaombwa uipe jina." Fundi aliinama, akasoma. "Ameiita MAMA." Akageuka, macho yamemng'aa. "Si unaona! Ni yeye! Bi Chapa!"

"Wewe una watoto?"

"Watano."

"Mafaili yako unayaandika 'Baba'?"

Fundi alifikiri. "Hapana. Naandika jina langu."

"Basi nakili diski," alisema inspekta, akanyanyuka.

Bi Chapa alikuwa kwenye benchi la varanda, mkoba juu ya magoti, kichwa kimeinuka, akingoja saa nane. Mlangoni mwa maktaba, hatua chache kutoka pale, mkutubi aliyevaa tai na shati lililopigwa pasi alisimama na kikombe. Wanafunzi walimwita Profesa, kwa sababu ya darasa lake la marudio lililojaa kila jioni.

"Mama, umekunywa chai?" aliuliza.

"Nitakunywa, mwanangu."

"Kunywa, Mama. Mambo yatakwisha." Akampa kikombe, akamwamkia inspekta kwa adabu, akarudi kwenye vitabu vyake.

Bi Chapa alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akagusa chai kwa ncha ya kidole kabla ya kuinywa.

"Bi Chapa, shikamoo. Naomba tuongee kidogo."

"Marahaba. Leo umevaa viatu vya mpira, inspekta. Jana vilikuwa vya kisigino."

"Ngazi zenu zimenishinda."

Walikwenda, kikombe mkononi mwa Bi Chapa, hadi kwenye chumba cha mazoezi, mahali pekee palipokuwa na mlango unaofungika. Kulikuwa na vitanda sita, na juu ya kila kitanda sanamu la mgonjwa limefunikwa shuka mpaka kifuani, limetandikwa kwa ustadi ambao inspekta hakuwahi kuupata nyumbani kwake. Wakaketi kati ya wagonjwa wawili wasiougua.

"Nina maelezo yako ya siku ile ya kwanza," alisema inspekta, akatoa karatasi. "Nimeyaandika upya. Unasema hukuwahi kubadilisha chochote kwenye kompyuta. Kama bado ni kweli, tia sahihi hapa chini."

"Ni kweli," alisema Bi Chapa. Akaipokea kalamu, akatia sahihi mara moja, bila kusoma. Sahihi ilianzia chini ya mstari na kupanda juu yake, kama ile ya siku ya kwanza. Siku ile inspekta alidhani ni kiburi, na akakiandika kiburi hicho kwenye daftari lake.

"Bi Chapa."

"Naam."

"Umetia sahihi ratiba ya kuosha vyoo vya wanafunzi. Nimeibandua mlangoni sasa hivi."

Mikono ya mwanamke huyo ilirudi kwenye mkoba, ikaushika kwa nguvu. Inspekta aliona haya, haya ya kweli iliyompanda masikioni, lakini saa ilikuwa inakwenda na kazi hii haimlipi mtu kwa kuona haya.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana." Sauti ilikuwa chini. "Presha ya macho. Daktari amesema kilichopotea kimepotea, tunalinda kilichobaki."

"Na unachapaje?"

"Vidole vinajua. Miaka thelathini na mmoja, vingekosaje kujua? Mwandiko wa walimu nausoma kwa kioo cha kukuzia. Kwenye skrini ndiko kulikuwa na taabu, mpaka maandishi yalipokuzwa."

"Lakini fundi akija anayapunguza."

"Yule bwana!" Kwa mara ya kwanza Bi Chapa alipandisha sauti. "Kila akija ananipangia upya meza ya watu! Yaliyokuwa kushoto yako kulia, maandishi madogo kama sisimizi! Nimtume nani aniwekee sawa? Nikisema sioni, nimekwisha. Watanitoa hapa kwa mlango wa huruma, wanishike mkono mpaka getini. Miezi minane, inspekta. Nilitaka kutoka mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Ndiyo sababu unairudisha kompyuta nyuma."

"Kuwa kama ilivyokuwa. Kuna ubaya gani? Siibi kitu. Naingia saa moja asubuhi, kabla watu hawajaja, naiambia irudi tarehe kumi, nakuta kila kitu mahali pake."

"Na kirusi nacho kinarudi mahali pake."

Bi Chapa aligeuza uso kumwelekea. Ilionekana dhahiri kwamba hakuwahi kuambiwa. Inspekta alimweleza kwa maneno ya fundi, maneno ya kumweleza shangazi, na akaona jinsi mwanamke huyo alivyokuwa akizama kwenye kiti kidogo kidogo.

"Ni mimi, basi," alisema Bi Chapa. "Wameniita mwizi, nami nimekula viapo vyote. Kumbe mlango naufungua mimi mwenyewe."

"Uliufungua. Hukuujenga. Nani alikufundisha kurudisha?"

Bi Chapa alinyoosha shuka la sanamu lililokuwa karibu naye.

"Bi Chapa, saa sita inakaribia."

"Aliyenifundisha alinifanyia wema. Yeye peke yake aligundua macho yangu, na hakumwambia mtu. Simtaji mtu aliyenisitiri."

Inspekta alifungua mdomo kupiga kelele, akaufumba. Siku zote nne watu walikuwa wamemficha ukweli kwa ujinga. Huyu alikuwa anauficha kwa heshima, na heshima ni ngumu kuivunja kuliko ujinga.

"Sawa. Usimtaje. Niambie tu unakumbukaje hatua zote. Mtu asiyeona vizuri, mahali pageni pa kubonyeza."

Bi Chapa alisita. Kisha akafungua mkoba, akatoa kibweta cha miwani, na ndani ya kibweta akatoa kadi iliyokunjwa mara moja. Hatua tano ziliandikwa kwa wino mzito wa kalamu ya ubao, herufi nene kama kidole. Ya mwisho ilisema: CHAGUA TAREHE 10, YENYE JINA MAMA.

Inspekta aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa umepigwa mistari tangu kiwandani: jina la kitabu, tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha. Alikaa akiitazama, kisha akaitia kwenye bahasha.

"Tarehe kumi ya mwezi uliopita ulikuwa wapi?"

"Kliniki ya macho. Kutwa nzima. Niliporudi kesho yake nilikuta nimeandaliwa kila kitu." Bi Chapa alikifunga kibweta cha miwani. "Inspekta, huyo ni kama mwanangu."

"Kunywa chai yako," alisema inspekta, na sauti yake ilitoka kwa upole ambao haukuwa kwenye mpango.

Mlinzi wa geti la ndani ndiye aliyetunza ufunguo wa akiba wa kila chumba, ule ambao hesabu ya chuo iliusahau, pamoja na daftari lake. Alikuwa mzee mnyoofu, na daftari alilolitoa lilikuwa jipya, limevikwa gazeti. Inspekta alilifungua. Kurasa zote zilikuwa za mwandiko mmoja mzuri, wino mmoja, bila doa.

"Mzee wangu, hili daftari ni la mwaka gani?"

"La mwaka huu huu. Niliposikia unakuja nikalinakili upya. Lile la zamani lilikuwa chafu, limemwagikiwa uji."

"Wewe pia!" Inspekta alishika kichwa. "Na tarehe kumi hapa hakuna mtu aliyechukua ufunguo wa mchapaji?"

"Kama hayupo, hayupo."

"Umenakili kila mstari?"

Mlinzi alijinyoosha. "Kila mstari uliotimia. Wengine wanachukua ufunguo na kutia sahihi, wakirudisha hawatii. Mistari ya namna hiyo inatia aibu daftari. Nikaiacha."

Inspekta alihesabu mpaka tano. "Mzee wangu, naomba uniambie hukulichoma lile la zamani."

"Nichome? Linashikilia dirisha."

Na kweli, lilikuwa limekunjwa na kupachikwa kwenye fremu ya dirisha la kibanda ili kioo kisigonge. Inspekta alilivuta mwenyewe, akalikunjua juu ya goti. Lilinuka uji uliochacha. Tarehe kumi, saa tano asubuhi, ufunguo wa chumba cha mchapaji, sababu: kazi ndogo. Sahihi ya kuchukua ilikuwapo, yenye mkia mrefu. Ya kurudisha haikuwapo.

Hakuwahi kuupenda uchafu kiasi kile.

Maktaba ilikuwa na baridi na kimya. Mkutubi alikuwa anapanga vitabu. Ukutani nyuma yake palibandikwa karatasi yenye kichwa cha habari: MASWALI TARAJIWA. Inspekta aliisoma kwanza, kwa utulivu, huku fundi amesimama nyuma yake akihema na diski yake chini ya kwapa.

"Unabahatisha vizuri sana," alisema inspekta.

"Ni uzoefu, afande. Ukisoma mitihani ya nyuma unajua mwalimu anaelekea wapi."

"Uliwahi kuingia chumba cha mchapaji?"

"Mimi? Hapana. Naishia varandani, kumsalimu Mama."

Inspekta aliweka daftari la uji juu ya meza, akalifungua mahali pake. Pembeni yake akaweka kadi ya maktaba, herufi nene zikitazama juu.

Mkutubi alivitazama vyote viwili. Akarekebisha tai. "Sawa, niliingia. Nilikwenda kumkuzia Mama maandishi. Haoni, afande. Kumsaidia mzee imekuwa kosa?"

"Nusu dakika iliyopita hukuwahi kuingia."

"Nilikuwa namlinda yeye."

"Sikiliza. Tarehe saba kompyuta ile ilikuwa safi. Tarehe kumi Bi Chapa alikuwa kliniki, ukachukua ufunguo. Siku hiyo hiyo ukaweka kirusi, ukakuza maandishi, ukatengeneza nakala kwa mkono, ukaiita kwa jina ambalo ni wewe tu unalomwita humu chuoni. Wengine wote wanamwita Bi Chapa. Ulijua fundi akiitwa atasafisha. Ulijua akisafisha atapunguza maandishi. Na ulijua mama asiyeona atafanya nini kesho yake asubuhi. Hukuhitaji kurudi tena mle ndani. Fundi, washa kompyuta ya maktaba. Na usisafishe kitu!"

"Sisafishi, afande," alisema fundi kwa unyenyekevu.

Haikuchukua muda. Anwani ile ya jina la uongo ilikuwa wazi kwenye kompyuta ya maktaba. Mwenyewe hakujali hata kuifunga. Mkutubi alikaa chini.

"Nimeomba ualimu hapa mara mbili," alisema. "Mara mbili wamenirudisha kwenye rafu. Darasa langu lilianza na wanafunzi wanne. Sasa wanakaa mpaka sakafuni. Hata walimu wananiita Profesa." Akainua macho. "Sikumwomba mtu chochote. Nilitaka tu nionekane najua."

"Na Bi Chapa angefukuzwa leo saa nane."

"Nilidhani wangemstaafisha mapema tu. Ni mzee, na tena haoni."

Inspekta alikuwa na jibu la hilo, refu na chafu, lakini askari aliyemwita alikuwa ameshafika mlangoni. Akamwonyesha kwa kidole.

Saa nane kasoro kumi, mkuu wa chuo alikuwa kwenye chumba cha mchapaji, barua yake ya kufukuza mkononi, hajui aiweke wapi. Alikuwa amesikia habari yote na sasa alitaka ifungwe haraka, kama kawaida yake. Mtihani wa mwisho wa darasa la mwaka wa tatu ulikuwa bado umo kwenye bahasha, na ulitakiwa uchapwe kabla ya jioni.

"Nimemaliza," alisema fundi. "Nakala zote za zamani zimefutika. Nimesafisha mara mbili, nimeiwasha upya, haina kitu. Na diski ya ushahidi anayo afande."

"Basi vizuri," alisema mkuu. "Mambo haya yabaki kati yetu. Bi Chapa ataendelea kama kawaida, hatuna haja ya..."

"Sitaendelea kama kawaida," alisema Bi Chapa.

Alikuwa mlangoni. Aliingia akipapasa ukingo wa kabati, bila kuuficha mkono wake, na akaketi kwenye kiti chake.

"Macho yangu yameharibika, Mkuu. Nimeficha mwaka mzima, na kuficha kwangu ndiko kulikotumika. Kama utaniondoa kwa hilo, niondoe kwa hilo, barua iseme hivyo. Kama utaniacha nichape, nichape kila mtu akijua."

Mkuu alimtazama inspekta, ambaye alitazama dirishani kwa makusudi. Akamtazama fundi. Kisha akaikunja barua mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni.

"Mtihani ni wa kesho," alisema kwa kigugumizi. "Chapa, Bi Chapa."

Varandani hatua zilipita, za viatu vizito vya askari na vingine vyepesi kando yake. Bi Chapa aliinua kichwa, akavisikiliza mpaka vilipoanza kushuka ngazi. Hakuna aliyemwambia ni nani.

Fundi alikohoa. Safari hii alisogeza mausi kwa tahadhari, kama mtu aliyeomba ruhusa. "Bi Chapa, nikukuzie maandishi? Nayakumbuka yalivyokuwa. Naweza kuyaweka vilevile."

"Ongeza," alisema Bi Chapa.

Yakakua. "Hivi ndivyo alivyokuwa ameweka yeye."

"Ongeza tena, baba." Alitoa kioo cha kukuzia mkobani, akakiweka juu ya bahasha, akavuta kiti karibu. "Hata yale aliyoniwekea nilikuwa nayasoma kwa taabu. Nilinyamaza tu, nisimvunje moyo."